Isabel Zendal na watoto 22 wenye walivusha chanjo ya ndui



Kila mara watu wanaongea juu ya chanjo huku kwetu, mazungumzo yanafika haraka kwa frigo. Kuko umeme ao hakuko? Barafu bado iko ao imeyeyuka? Pikipiki itafika kijijini mbele chanjo iharibike ao itakwama kwenye matope? Hayo ni maswali ya haki, juu kampeni mingi zimekufa pale. Lakini kulikuwa wakati chanjo ilivuka Atlantiki, kisha ikavuka Pasifiki, bila frigo, bila umeme, bila hata kipande cha barafu. Ilisafiri ndani ya mikono ya watoto yatima. Na mtu mwenye aliwaangalia hao watoto usiku na mchana kusudi chanjo isife njiani alikuwa mwanamke mmoja wa kijijini, mama bila bwana, mwenye waandishi wa serikali hawakujua hata kuandika jina lake vizuri.

Anaitwa Isabel Zendal Gómez. Mimi nimesoma agronomia, sikusoma dawa wala historia, lakini hadithi hii ni ya ng'ombe na ya mbegu pia, kwa hiyo naomba ruhusa nisimulie.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndui, ile wazee wetu wanaita variole, ilikuwa inaua karibu watu 3 kwa kila 10 wenye iliwashika. Wenye walipona walibaki na makovu usoni, wengine wakawa vipofu. Kitu kimoja kilijulikana tangu zamani: mtu akiisha kupona, haimrudii tena. Ndio maana, mbele ya Wazungu kuanza kusifika kwa chanjo, watu wa Asia na wa Afrika walikuwa wanachanja ngozi ya mtu mzima wa afya na kutia humo usaha wa ndui yenyewe, kusudi aipate kidogo na apone. Kuko hata mtumwa mmoja Mwafrika huko Boston, jina lake Onesimus, mwenye alimwelezea bwana wake Cotton Mather ginsi kwao walikuwa wanafanya, na mwaka 1721 njia hiyo ikatumiwa wakati ndui ilivamia mji ule. Hili hatukufundishwa kwenye sekondari, mnisamehe nikilitupia hapa. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba usaha ule ulikuwa ndui ya kweli. Wengine walikufa nayo, na mwenye alichanjwa aliweza kuambukiza jirani.

Tarehe 14 Mei 1796, muganga wa kijijini huko Uingereza, Edward Jenner, alijaribu kitu kingine. Wasichana wenye walikuwa wanakamua ng'ombe walikuwa wanapata vipele vya mikono kutokana na ugonjwa mdogo wa ng'ombe, na ndui haikuwashika. Jenner alitoa maji ya kipele cha mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, akayatia kwenye mkono wa mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye alimtia usaha wa ndui ya kweli, na mtoto hakugonjwa. Kwa Kilatini ng'ombe anaitwa vacca. Neno vaccin lenye tunasema kila siku limetoka kwenye zizi. (Siku hizi wanasayansi wanaona virusi vya chanjo ya ndui vinafanana zaidi na vya farasi kuliko vya ng'ombe, lakini jina limekwisha kushika.)

Sasa, shida ilikuwa kuisafirisha. Maji yale ya kipele watu waliyakausha kwenye nyuzi, ao waliyafunga katikati ya vioo viwili. Kwa safari ya siku chache ilienda. Kwa safari ya miezi, ndani ya joto la tropiki, ilifika imekufa. Wenye tumefanya kazi ya mihogo tunaelewa haraka. Vijiti vya muhogo huwezi kuviweka kwenye gunia mwaka mzima sawa vile mahindi. Ni kitu chenye uhai. Ukitaka kukifikisha mbali, unapanda, unangoja kikue, unakata, unapanda mbele tena, shamba kwa shamba. Chanjo ya wakati ule ilikuwa hivyo hivyo. Ilihitaji shamba, na shamba lake lilikuwa ngozi ya mtu mwenye hajapata ndui hata mara moja.

Mfalme wa Hispania, Carlos IV, aliijua ndui kwa uchungu wake mwenyewe: mtoto wake wa kike, María Teresa, alikufa nayo mwaka 1794. Na makoloni yake ya Amerika yalikuwa yanalia. Ndui ilikuwa imefika huko tangu miaka ya 1500 pamoja na Wahispania, na watu wa nchi, wenye miili yao haikuijua, walikufa bila hesabu. Sasa tena mwaka 1802 ilikuwa inasumbua Santa Fe de Bogotá. Basi mwaka 1803 mfalme alikubali kulipia msafara wa kupeleka chanjo. Kiongozi alikuwa muganga Francisco Xavier Balmis, mtu wa Alicante, mwenye alikuwa amekwisha kutafsiri kitabu cha Kifaransa juu ya chanjo. Mpango wake ulikuwa rahisi kuusema: kuchukua watoto wenye hawajagonjwa ndui, kuchanja wawili, kungoja siku 9 ao 10 mpaka kipele kiive, kutoa maji yake na kuchanja wengine wawili, na kuendelea hivyo mpaka ng'ambo. Wawili kila mara, juu kama mmoja akikosa kutoa kipele, mwenzake anaokoa mnyororo.

Juu ya nini watoto? Juu watu wazima wengi wa Hispania walikuwa wamekwisha kupata ndui, miili yao haingekubali chanjo. Na juu ya nini yatima? Hapo jibu si la sayansi. Yatima hakuwa na baba wa kusema hapana.

Isabel alizaliwa mwaka 1773 kwenye kijiji cha Parada, upande wa Ordes, katika jimbo la Galicia. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Alipokuwa bado kijana, karibu na miaka 13, mama yake alikufa. Aliuawa na ndui. Msichana akaenda mjini A Coruña kutafuta kazi, akaingia kwenye hospitali ya maskini, na mwaka 1793 akazaa mtoto wa kiume, Benito, bila ndoa. Nyinyi wote mnajua maneno yenye mwanamke wa namna hiyo anasikia hata leo kwenye familia zetu. Fikirieni Galicia ya kikatoliki, mwaka ule. Pamoja na hayo, kufikia mwaka 1800 ni yeye ndiye alikuwa anaongoza nyumba ya watoto waliotupwa, yenye ilikuwa inashikamana na hospitali ile. Walimwita rectora, yaani mkuu wa nyumba. Kazi yake ilikuwa kugawanya maziwa, nguo, mikate na kuni, kuhesabu watoto wenye wameingia na wenye wamekufa, na kujua mama gani wa kunyonyesha anafanya kazi yake na nani anadanganya. Alilala pale pale. Benito alikulia katikati ya watoto hao.

Tarehe 14 Oktoba 1803 ikatoka amri ya mfalme. Nimeitafakari sana amri hii, juu naona ndani yake muna hadithi nzima. Inasema rectora wa nyumba ya watoto ya A Coruña aingizwe ndani ya msafara kwa cheo cha muuguzi, na alipwe mshahara na posho sawa na wauguzi wanaume. Someni tena: sawa na wanaume, mwaka 1803. Kazi yake itakuwa kuangalia na kusafisha watoto wakati wa safari. Kisha amri inatoa sababu: kuko wazazi wenye wanachukia kukabidhi watoto wao kwa wale wanaume bila kuwapo mwanamke mwaminifu wa kuwapa moyo.

Kumbe basi. Mfalme alikuwa na meli, alikuwa na pesa, alikuwa na waganga wenye vyeo, na mpango wote ulikwama juu wazazi wa Galicia hawakuwaamini. Chenye kilikosa ni mtu mwenye watu walimjua na uso wake. Balmis na wakubwa wa A Coruña walimwomba mfalme awape Isabel kwa ajili hiyo. Mimi siamini kwamba walimchukua kwa huruma ya kumpandisha mwanamke. Walimhitaji, na walilipa.

Hapa niongee na wale wenzetu wenye wanapenda kusema, kila mara tunapohukumu mambo ya zamani, kwamba wakati ule ndio ilikuwa hivyo, watu hawakujua. Walijua. Amri ya mfalme yenyewe inashuhudia kwamba mama na baba wa wakati ule waliona kuna kitu kibaya katika kumpeleka mtoto wa miaka 3 baharini kama chupa ya dawa. Walikataa. Watoto wenye walipanda meli ni wale wenye hawakuwa na mtu wa kukataa kwa niaba yao, wengi wakitoka kwenye nyumba za yatima za A Coruña na Santiago. Na nikisema hivyo sisahau upande mwingine: chanjo yenyewe iliwakinga na ndui, na kwenye nyumba zile watoto walikuwa wanakufa wengi kila mwaka. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja, na sina haja ya kuyapatanisha.

Ndani ya orodha ya watoto 22, mmoja ni Benito, mwana wa rectora. Isabel aliweka mkono wa mtoto wake kwenye mnyororo pamoja na mikono ya wengine. Mtu anaweza kusema hakuwa na mahali pa kumwacha, na inawezekana. Lakini mzazi mwenye alikuwa anasitasita pale bandarini, akiona mama mwenyewe anapanda na wake, nadhani alielewa kitu.

Meli iliondoka A Coruña tarehe 30 Novemba 1803. Iliitwa María Pita. Watoto walikuwa wa miaka 3 mpaka 9, karibu hivyo, wote wavulana. Kila mmoja alipewa nguo na viatu vyake, na mfalme aliahidi kwamba serikali itawalisha na kuwasomesha huko ng'ambo mpaka wawe na kazi ya kujitegemea.

Nikae kidogo ndani ya meli hii, juu vitabu vinapita hapa mbio. Vinasema mnyororo wa chanjo ulihifadhiwa, basi, kama vile ulijihifadhi wenyewe. Wewe mwenye umeisha kusafiri ziwani, hata usiku mmoja tu kutoka Kalemie kwenda Uvira, ndani ya baleinieri yenye imejaa watu, fikiria majuma ya bahari ya majira ya baridi pamoja na watoto 22, wadogo kabisa bado wanakojoa kitandani. Wanatapika. Wanalia. Wanapigana. Na wawili kati yao, kila wakati, wana kipele mkononi chenye thamani kuliko meli yote. Kipele kinawasha, mtoto akikikuna na kukipasua, maji yamepotea. Mtoto mwenye kipele akilala karibu na mwenzake na mkono ukagusa mahali penye mkwaruzo, mwenzake amechanjwa bila zamu yake. Kwa macho ya nje hilo ni jambo dogo. Lakini hesabu ilikuwa kali: ukichoma watoto wanne badala ya wawili, unafika katikati ya bahari umeishiwa. Hakuna duka la kununua mtoto mwingine pale.

Kwa hiyo kutenganisha wenye wamechanjwa na wenye bado, kuwazuia wasijikune usingizini, kuwaosha, kuwabembeleza wale wenye homa, kujua zamu ni ya nani, hiyo yote ilikuwa sayansi yenyewe. Muganga alifanya kazi ya dakika chache kila siku 9 ao 10. Masaa mengine yote, mchana na usiku, yalikuwa ya Isabel pamoja na wauguzi wengine. Sisi kwenye agronomia tuna ugonjwa huo huo: ripoti ya utafiti inabeba jina la injenia, na yule baba mwenye alimwagilia bustani ya mbegu asubuhi na jioni miezi sita hatajwi popote.

Walisimama kwanza Tenerife, wakachanja huko, kisha wakavuka Atlantiki na kufika Puerto Rico mwezi wa pili mwaka 1804. Hapo Balmis alikasirika sana, juu alikuta chanjo imekwisha kufika kutoka kisiwa cha jirani, na sifa ya kuwa wa kwanza imemponyoka. Ugomvi wake na wakubwa wa Puerto Rico ulikula siku zenye zilihitajiwa kwa kutafuta watoto wapya. Matokeo yake, msafara ulipokaribia pwani ya Venezuela, mwezi wa tatu, mnyororo wote ulikuwa umebaki kwa mtoto mmoja tu mwenye kipele kizuri. Mmoja! Waliteremka haraka Puerto Cabello na kuchanja watoto wa pale kusudi usikatike. Kiburi cha mkubwa mmoja kilikaribia kufanya chenye bahari haikufanya.

Kutoka Venezuela msafara uligawanyika. Naibu wa Balmis, muganga José Salvany, alienda kusini, akapanda milima ya Andes. Safari yake ilikuwa ya mateso: alipoteza jicho moja, mwili wake ulidhoofika, akafia Cochabamba mwaka 1810 bado yuko kazini. Balmis, Isabel na watoto wa Hispania walielekea Kuba na Mexico.

Kuba iko kitu chenye hotuba mingi za sifa zinaruka. Huko Havana Balmis hakupata watoto wa kubeba chanjo mpaka Mexico. Alifanya nini? Alinunua wasichana watatu watumwa, akawachanja, wakapanda meli. Mimi mtoto wa Kongo, nikisoma sentensi hiyo, siwezi kuipita kama vile ni hesabu ya mizigo. Watu wangapi wa pande zetu waliishia kwenye mashamba ya miwa ya Kuba? Wasichana hao majina yao hayako popote kwenye sherehe. Walivusha chanjo sawa na wale wavulana 22, na wao hawakuahidiwa shule wala nguo za mfalme.

Mexico nako, kwenye bandari ya Veracruz, watu hawakukimbilia chanjo, na askari wa jeshi ndio waliamuriwa kutoa mikono. Wale wavulana wa Galicia walipofika mji mkuu, ahadi ya mfalme ilianza kulegea. Waliwekwa kwenye nyumba ya maskini pamoja na watu wa kila namna, na Balmis, mwenye hakuwa mtu mpole, alilalamika kwa nguvu kwamba hiyo si yenye waliahidiwa. Hakuna hata mmoja wao mwenye alirudi Hispania.

Isabel aliweza kusimama pale. Alikuwa amemaliza kazi yenye aliandikiwa. Mwezi wa pili mwaka 1805, kwenye bandari ya Acapulco, alipanda tena meli, Magallanes, pamoja na watoto wapya 26 wa Mexico, kuelekea Ufilipino. Safari hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Balmis aliandika kwamba kapiteni aliwatupa watoto mahali pachafu penye panya wakubwa wenye waliwaogopesha, wakilala chini kwenye mbao, meli ikiyumba na kuwagonganisha, hata chanjo ikapita kwa wengine bila kutakiwa. Nimekwisha kuwaeleza hatari ya jambo hilo. Pamoja na yote, tarehe 15 Aprili 1805 walifika Manila, na mnyororo haukukatika.

Ni kwenye barua zake za baada ya safari hiyo ndipo Balmis, mwenye hakusifu watu ovyo, aliandika juu ya rectora maneno ya heshima kubwa: kwamba kazi bila kipimo na ugumu wa hali ya hewa vilimharibia afya, na kwamba usiku na mchana aliwapa wale watoto 26 upendo wa mama, sawa vile alifanya kwa wale wa kwanza tangu A Coruña. Anamsifu sana. Lakini angalieni: anamwita rectora. Cheo tu.

Balmis aliendelea mpaka Macau na Canton huko China, kisha akarudi Madrid, na mwaka 1806 alibusu mkono wa mfalme na kupewa heshima. Isabel alirudi Mexico na kukaa Puebla pamoja na Benito. Hispania hakuiona tena. Huko Puebla nyayo zake zinaingia kwenye nyasi.

Jina lake liliandikwa namna nyingi kwenye karatasi: Zendal, Sendales, Cendala, na mengine yenye hayafanani kabisa. Ilichukua kazi ya watafiti wa Galicia kufungua madaftari ya ubatizo kusudi wajue ni msichana gani, wa kijiji gani. Mexico kuko zawadi ya wauguzi yenye inabeba jina lake, nayo imeandikwa Cendala. Na mwaka 2020, wakati wa Covid, Hispania iliita operesheni ya jeshi lake kwa jina la Balmis. Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Hospitali mpya ya Madrid yenye jina la Isabel Zendal ilifunguliwa mwezi wa kumi na mbili. Muganga mwezi wa tatu, muuguzi mwezi wa kumi na mbili. Sisemi kitu.

Hadithi hii ilifika mpaka kwetu, na haikuisha. Mnyororo wa mkono kwa mkono uliachwa polepole, ikaja chanjo ya unga mkavu yenye inavumilia joto, na sindano ndogo ya ncha mbili yenye mtu yeyote aliyefundishwa kidogo anaweza kuitumia. Kwa vifaa hivyo kampeni ya kumaliza ndui ilianza Zaïre mwaka 1968, kwa miguu, kwa mitumbwi, kwa baiskeli. Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika nchi yetu alikuwa mwaka 1971. Duniani, wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, na tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha.

Na ni kwa sababu watu walikuwa wanaitafuta ndui kijiji kwa kijiji ndipo mwaka 1970, upande wa Basankusu huko Équateur, walimkuta mtoto wa miezi 9 mwenye vipele vyenye havikuwa ndui. Alikuwa mtu wa kwanza kujulikana na ile tunayoita leo mpox. Chanjo ya ndui ilikuwa inakinga mpox pia. Ilipoachwa, vizazi vyenye vimezaliwa baadaye, yaani sisi, tulibaki wazi. (Lile kovu lenye unalo mkononi, wewe wa miaka 25, ni la BCG, ya kifua kikuu. La ndui liko kwa wazee wako.) Tarehe 14 Agosti 2024 mpox ilitangazwa kuwa dharura ya dunia, na tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo ilianza huko Goma. Chanjo hiyo nayo ni ya ukoo ule ule wa virusi wenye ulivuka bahari mikononi mwa watoto wa Isabel. Safari hii ilikuja ndani ya baridi kali, kwa ndege. Lakini kwenye mlango wa kituo cha afya mwenye alisimama kuwaeleza wamama, na kujibu uvumi wote wa WhatsApp, alikuwa infirmieri wa mtaa, yule mwenye wanajua nyumba yake na watoto wake.

Nina ombi moja. Wale wenye walitembea na sindano ya ncha mbili katika Zaïre kati ya 1968 na 1971 walikuwa vijana. Wenye bado wako hai wana miaka karibu 80. Kama babu yako, bibi yako, ao mzee wa mtaa wenu alifanya kazi hiyo, mkalie karibu juma hili. Muulize jina lake kamili na uliandike vile yeye mwenyewe analitamka, kijiji alikoanzia, njia alizopita, nani alikuwa naye. Wanafunzi wa historia na wa afya ya umma, nyinyi mtajua namna ya kuyapanga. Mimi nitaanza na mzee mmoja wa Walungu mwenye nimeambiwa bado anakumbuka.